Usimuue mpelelezi wako bado

Kuna dada kanitumia meseji juzi, ana riwaya mbili za upelelezi anauza mwenyewe WhatsApp, wateja ni mashosti zake na watu wa ofisini kwake, sasa anauliza amuue mpelelezi wake ahamie kwenye mapenzi maana ndo yanalipa. Dada angu, usimuue.

Mcheki Ian Rankin, mwandishi wa Scotland. Inspekta Rebus wake katoka 1987 na wala hakuna aliyeshtuka. Jamaa akahamia London, baadae Ufaransa, huku anaandika tu. Kitabu kilichomtoa ni cha nane cha Rebus, 1997, ndo kikabeba Gold Dagger, tuzo kubwa ya waandishi wa hadithi za uhalifu Uingereza. Cha nane! Miaka kumi na inspekta yuleyule, na anazeeka kweli, hadi 2007 ikabidi astaafu sababu kafika 60. Wa kwako ana miaka 28 toka kitabu cha kwanza.

Mi naongea kitu nakijua. Muswada wangu ulikaa kwa mchapishaji mmoja hapa Dar mpaka nikachoka kuulizia, siku nimeenda naambiwa watu siku hizi hawasomi, na anayeniambia macho yako kwenye simu anasoma udaku. Iliniuma na bado inauma. Nikaanza kuimwaga Facebook vipande vipande, watu wakanogewa, wakawa wanalipia buku kwa kila sehemu, naamka saa kumi usiku naandika kabla ya kazi, na mwezi uliopita nikachapa kitabu cha karatasi kwa hela yangu, kimeisha hata stoo hakijalala. Wale wa "watu hawasomi" sasa wananipigia. Sipokei.

Kwa hiyo andika kila siku. Mpelelezi mmoja, kila siku, hata ukurasa. Tunapenda sana leo uandike kesho uwe na gari, acheni hizo jamani, andikeni kila siku.

Na nenda kituo cha polisi ukaulize RB, ile namba ya taarifa uliyoripoti, inatolewaje, jalada linapita kwa nani, wasomaji wetu wengine ni askari wanatucheka. Rankin alienda kituo cha Leith kuulizia mambo ya kitabu chake wakamgeuza mshukiwa, stori yake ilifanana na kesi waliyokuwa nayo mezani. Beba kitambulisho, na usianze na swali la maiti inafichwaje.