Nikishindwa, Nionyeshwe Zamu Niliyokosea

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza kama mchezo wa video wa mikakati unaochezwa kwa zamu unapaswa kuwa mgumu, na kama ndivyo, ugumu huo utoke wapi na aupange nani. Nimecheza michezo ya aina hii kwa zaidi ya miaka kumi, mingi kwenye laptopu ya mtumba isiyoweza kuendesha kitu kizito zaidi, na jibu langu ni hili: mchezo uwe mgumu kadiri mtengenezaji anavyopenda, ilimradi nikishindwa niweze kuikumbuka na kuinyooshea kidole zamu niliyokosea. Ugumu usionipa nafasi hiyo mimi nauita usumbufu.

Kuna kisa cha zamani ambacho kila anayezungumzia viwango vya ugumu angefaa kukijua. Mwaka 1994 ulitoka mchezo wa UFO: Enemy Unknown, wa kuongoza askari dhidi ya wavamizi kutoka anga za mbali, kazi ya ndugu wawili Waingereza, Julian na Nick Gollop, ambao Marekani uliuzwa kwa jina la X-COM: UFO Defense. Ulikuwa na viwango vitano vya ugumu. Toleo la awali la kompyuta za DOS, hata hivyo, lilikuwa na hitilafu ambayo haikugunduliwa mapema: mchezaji aliyechagua kiwango cha juu, akahifadhi mchezo wake na baadaye kuupakia tena, alirudishwa kimyakimya kwenye kiwango cha chini kabisa. Wazoefu wakalalamika kwamba mchezo ni mwepesi mno hata ukiuweka kwenye kiwango kigumu, na mwendelezo wake wa mwaka 1995, Terror from the Deep, ukakazwa kwelikweli. Kumbe waliolalamika walikuwa wakicheza kiwango cha wanaoanza bila kujua. Kinachonivutia zaidi, lakini, ni upande wa pili wa kisa hicho: wengine wengi waliucheza mchezo huohuo, kwenye kiwango hichohicho cha chini, na bado wakausimulia kwa miaka kama mchezo wa kutisha. Hofu yao ilitokana na giza la ramani, na adui asiyeonekana anayefyatua risasi katikati ya zamu yako, na askari uliyempa jina mwenyewe ambaye akifa ndiyo basi. Hakuna lolote kati ya hayo linalokaa kwenye menyu ya rahisi, wastani na ngumu.

Kwa hiyo mtengenezaji anayedhani amemaliza kazi ya ugumu kwa kumwongezea adui uhai na kunipunguzia mimi risasi hajafanya kitu. Amerefusha pambano tu. Uamuzi niliokuwa nikiufanya kabla ya hapo ndio uleule ninaoufanya sasa, ila naurudia mara tatu.

Suala linalozua ugomvi mkubwa zaidi ni asilimia. Katika XCOM: Enemy Unknown ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na kampuni ya Firaxis kuufufua mchezo ule wa 1994, kila unapotaka kupiga risasi unaonyeshwa uwezekano wa kulenga: adui aliyejificha nyuma ya kinga fupi anakupunguzia pointi 20, na aliye nyuma ya kinga ndefu pointi 40. Hesabu ni ya wazi, na bado watu wanaapa kwamba mchezo unawaibia, kwa kuwa akili zetu zinaisoma 90 kama ahadi. Ukipiga risasi ishirini za asilimia 90 katika misheni moja, uwezekano wa kukosa angalau moja unakaribia asilimia 88. Yaani kukosa ndiko kunakotarajiwa, na asiyekosa hata mara moja ndiye aliyebahatika. Sid Meier, mbunifu wa mchezo wa Civilization, katika hotuba yake kwa watengenezaji wa michezo mwaka 2010, alieleza jinsi wachezaji waliopewa nafasi ya tatu kwa moja walivyoona wamedhulumiwa kila waliposhindwa, ingawa wao wenyewe walipomshinda adui kwa uwiano huohuo uliogeuzwa hawakuona ajabu yoyote.

Watengenezaji wengine wameamua kuifuata hisia hiyo badala ya kuisahihisha. Michezo ya Fire Emblem, ya mikakati ya zamu kutoka Japani, kuanzia ule wa mwaka 2002 kwenye kifaa cha mkononi cha Game Boy Advance, kwa miaka mingi ilichota namba mbili za bahati na kuchukua wastani wake badala ya kuchota moja, hivyo kwamba asilimia 90 unayoiona kwenye skrini kwa kweli ni kama 98, na asilimia 10 ya adui ni kama 2. XCOM 2 ya mwaka 2016, mwendelezo wa ile ya 2012, nayo, kwenye viwango vya chini, humwongezea mchezaji nafasi ya kulenga kila anapokosa mfululizo, bila kuiandika nyongeza hiyo popote kwenye skrini. Ukipanda hadi kiwango cha juu kabisa, msaada huo unaondolewa.

Nakiri kwamba udanganyifu huu ni wa huruma, na huenda umewabakiza wengi ambao wangefunga mchezo kwa hasira. Hata hivyo siupendi, na sababu yangu ni ya kivitendo. Anayezoea 85 ambayo kwa siri ni kubwa kuliko 85 hujifunza kuiegemea risasi hiyo moja, naye anapopanda kiwango na msaada ukaondolewa, hujikuta na tabia mbaya asiyojua ameipata wapi. Ninavyojua mimi, ustadi wa XCOM ni kupanga kana kwamba risasi itakosa: nani atapiga baada yake, yule aliyesogea mbele atajificha wapi, na je, hapa si bora guruneti, ambalo halikosi na linabomoa kinga ya adui? Nikimpoteza askari kwa sababu niliitegemea 85 bila kuwa na mpango wa pili, zamu yangu ya kosa ninaiona bila kuambiwa. Mchezo unaonificha namba ya kweli unanifundisha kutafuta kosa mahali lisipo.

Katika XCOM 2 walifanya jambo jingine lililopokewa kwa kelele: waliweka kikomo cha zamu kwenye misheni nyingi. Hapa mimi nasimama upande wa waliotengeneza. Katika mchezo wa 2012 njia salama kuliko zote ilikuwa kutambaa hatua moja, kuwaacha askari wote wakiwa wametega bunduki kumngoja adui ajitokeze, kisha kutambaa hatua nyingine, na sisi wachezaji tuliifuata njia hiyo ya kuchosha kwa sababu ilishinda. Saa inayohesabu kurudi nyuma iliivunja. Inanilazimisha kuchagua kati ya mraba salama na mraba ulio karibu na lengo, na huo ni uamuzi wa kweli. Waliokereka walitengeneza nyongeza za kuiondoa, na War of the Chosen ya mwaka 2017, upanuzi rasmi wa XCOM 2, ikaja na chaguo rasmi la kuilegeza. Nadhani hivyo ndivyo ilivyopaswa: mtengenezaji apendekeze, kisha anayetaka kulegeza alegeze akijua anachokilegeza.

Mchezo ulionifikisha kwenye msimamo huu, lakini, ni Into the Breach wa mwaka 2018, kazi ya watu wawili wa Subset Games, Justin Ma na Matthew Davis. Ramani ina miraba minane kwa minane. Wewe una mashine tatu kubwa za kivita. Wadudu wakubwa wanatoka ardhini kuangamiza majengo, na kabla hujagusa chochote unaonyeshwa kila mdudu atapiga wapi, kwa nguvu kiasi gani, na kwa mfuatano upi. Mashambulizi yako hayakosi. Bahati imebakizwa mahali padogo, katika uwezekano kwamba jengo lililopigwa litahimili, na hiyo humfaa mchezaji peke yake. Kwa anayejua bao la kiswahili hili si geni: mashimo yote yako wazi, kete unaweza kuzihesabu, na ukifungwa huna wa kumsingizia.

Nikumbuke zamu moja. Mdudu mmoja alikuwa ameelekeza mate yake magharibi, kwenye jengo lililokaliwa na watu. Mwingine alisimama mraba mmoja kusini-magharibi yake, akilenga jengo jingine. Na ardhi ilikuwa imepasuka mahali ambapo wa tatu angetokea. Mashine yangu ya ngumi husukuma mraba mmoja anachokipiga. Nikaiweka kaskazini mwa yule wa kwanza na kumsukuma kusini. Bado alielekea magharibi, ila sasa aliyekuwa mbele yake ni mwenziwe, ambaye mate yangempiga yeye. Mashine ya pili nikaisimamisha juu ya ule ufa ili wa tatu asitoke. Likabaki jengo moja na mashine moja isiyo na pembe ya kupiga. Nilikaa kwenye zamu hiyo zaidi ya dakika ishirini, chai ikapoa, hadi nilipoona kwamba mashine haikuhitaji kupiga chochote: ilitosha isimame katikati ya mdudu na jengo, ipigwe yenyewe. Mashine hutengenezwa pambano likiisha, ilhali jengo likianguka umeme wa mji unapungua, na umeme ukiisha safari nzima imekwisha. Ubadilishanaji huo wa maumivu, kipi nikipoteze ili kipi kisalie, ndio ninaoutafuta ninaposema nataka mchezo mgumu.

Juu ya kosa lenyewe, mchezo huu una uungwana mwingine: hatua unaweza kuirudisha kabla ya kupiga, na mara moja tu kwa kila pambano unaruhusiwa kuianza zamu upya. Mara moja inatosha kufuta kosa la kidole. Haitoshi kufuta kosa la kufikiri, nami nakubaliana kabisa na kipimo hicho.

Kuhusu nani aupange ugumu, nilikuwa mkali zaidi zamani. Mdogo wangu alipoanza kuucheza mchezo huu aliuweka kwenye kiwango rahisi, nami nikamcheka. Baadaye nikakaa nyuma yake nikitazama, nikagundua kwamba kilichopunguzwa hasa kwenye kiwango hicho ni idadi ya wadudu. Kila mdudu bado anatangaza pigo lake, ngumi bado haikosi, na namba aliyokuwa akiisoma ilikuwa ileile ninayoisoma mimi. Alikuwa akitatua fumbo dogo zaidi kwa kanuni zilezile. Kwenye kisiwa cha tatu umeme ukamwishia. Hakulalamikia mchezo. Akaweka kidole kwenye skrini, juu ya mraba mmoja kando ya maji, akasema, “Kaka, hapa. Ile zamu ya pili ningemsukumia mle majini.”