Maswali na Majibu: Petroli Inayovuja, Magari ya Zamani na Mipaka ya Agizo la Kurejesha Gari

Barua nyingi zilizonifikia kutoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Siaya zinahusu mafuta yanayovuja katika magari yaliyotumika miaka mingi, na wengine wanauliza kama kiwanda kilichoyaunda bado kina wajibu wowote juu yake. Nimechagua sita ambazo majibu yake yanaweza kumfaa yeyote mwenye gari la umri huo.

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Kila asubuhi ninapoiwasha nasikia harufu ya petroli, lakini nikifika mjini harufu huwa imekwisha. Fundi wangu anasema magari ya zamani ndivyo yalivyo. Je, ni kweli? – *Mwalimu mstaafu, Kakamega*

Mwalimu, kwa heshima zote kwa fundi wako, si kweli. Mfumo wa mafuta wa gari lako umefungwa kuanzia tangini hadi kwenye injini, na hata mvuke unaopanda ndani ya tangi hupitishwa kwenye kopo lenye mkaa, ukanaswa humo hadi injini itakapouvuta na kuuchoma. Ukisikia harufu ya petroli, basi kuna mahali inapotoka, na mahali hapo panaweza kupatikana.

Kwamba harufu huja asubuhi na kutoweka baadaye ni dalili nzuri ya kuanzia. Kila injekta ya injini yako, yaani kifaa kinachopulizia petroli kwenye injini, imeshikwa kwenye reli ya mafuta kwa pete ndogo ya mpira. Pete hizo zikizeeka hukauka na kuwa ngumu. Asubuhi ya baridi hunywea na kuacha upenyo, kisha injini ikipata moto hutanuka na kuuziba. Mafuta ndani ya reli hiyo husukumwa kwa shinikizo la takriban mara 3 ya hewa inayotuzunguka, ambalo ni kubwa kama mara kumi kuliko lile la gari la kabureta, kwa hiyo hata upenyo usioonekana kwa macho unaweza kurusha mafuta membamba juu ya injini inayoanza kupata moto.

Liangalie kabla jua halijapanda. Fungua boneti, simama pembeni mbali na feni na mikanda, mtu mwingine apige stata, nawe umulike reli kwa tochi. Tafuta unyevu kwenye shina la kila injekta, na utafute pia sehemu ambayo chuma chake ni kisafi kuliko kwingine, kwa maana petroli huosha vumbi na grisi pale inapopita. Kisha zima injini na uchomoe mpira mwembamba wa upepo ulioingia kwenye kidhibiti cha shinikizo, kilicho mwishoni mwa reli. Mpira huo unapaswa kuwa mkavu kabisa. Ukikuta petroli ndani yake, kiwambo cha kidhibiti kimepasuka. Mwisho, injini ikiwa imepoa, pinda mipira ya mafuta kwa kidole gumba. Mpira unaoonyesha mipasuko myembamba unapopindwa umekwisha kazi yake, hata kama bado haujatoa tone.

Unapoubadilisha, soma maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa ule mpya. Ulioandikwa 30R7 ni wa shinikizo dogo la kabureta. Kwa gari la injekta kama lako uombe 30R9. Paipu ya plastiki ing'aayo inayouzwa madukani kwa mita haifai hata kwa siku moja. Na mpaka chanzo kitakapopatikana, nakuomba gari hilo lisitoke nyumbani.

Nilinunua Toyota Auris ya mwaka 2009 kutoka kwa mtu hapa Nakuru. Binamu yangu aliye ng'ambo anasema Toyota iliyaita magari ya namna hiyo kwa sababu ya kuvuja mafuta. Nifanye nini ili nitengenezewe bure? – *Mama mwenye duka, Njoro*

Mama, binamu yako amesema kweli. Mwezi Juni 2016 Toyota ilitangaza kuyarejesha, yaani kuyaita tena ili kasoro yake itengenezwe bure, magari yapatayo milioni 2.87 duniani, yaliyoundwa kati ya Aprili 2006 na Agosti 2015, yakiwemo Prius, Auris na Corolla, kwa kuwa lile kopo la mkaa nililolitaja katika jibu lililotangulia lingeweza kupata ufa na kuvujisha mafuta. Hata hivyo si kila Auris ya miaka hiyo imo katika orodha, na jina la gari pekee halitoshi kukujulisha.

Kinachokujulisha ni namba ya chasisi iliyo kwenye logbuku. Magari yaliyouzwa kwanza nchini Japani huwa na namba fupi: herufi na tarakimu chache kama NZE151, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Ukiiingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa serikali ya Marekani wa kukagua magari yaliyorejeshwa itakataliwa, kwa sababu ukurasa ule unataka namba ya herufi na tarakimu 17. Nimeona wamiliki wengi wakiishia hapo na kudhani kwamba gari lao ni salama, ilhali hawajajibiwa lolote. Mahali pa kuuliza ni tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyounda gari, ambayo huwa na sehemu mbili za kujaza, moja ya kabla ya kistari na nyingine ya baada yake. Tafsiri ya simu inatosha kukuongoza.

Kuhusu kutengenezewa bure, sitaki kukupa tumaini lisilo na msingi. Agizo la kurejesha gari humfuata mmiliki aliyesajiliwa katika nchi lilikouzwa. Gari likiondolewa kwenye sajili ya Japani na kupakiwa meli kuja Mombasa, barua hubaki ikitafuta mtu ambaye halimiliki tena. Kwa kuwa kanuni yetu hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini, Auris ya 2009 ilipaswa kuwa imeingia kabla ya mwaka 2016 kwisha, na huenda ilikwisha kuondoka Japani tangazo lilipotolewa. Wakala wa kampuni aliye hapa Kenya hakukuuzia gari hilo wala hakuliuza kwa aliyekutangulia. Mwandikie hata hivyo, ukiambatisha namba ya chasisi na tarehe ya tangazo, na udai jibu la maandishi. Akikubali, umeokoa fedha zako. Akikataa, na namba yako imo katika orodha, tafadhali lipia kopo jipya wewe mwenyewe.

Hata kule ambako sheria ina nguvu, ipo mipaka ambayo watu hawaambiwi. Marekani ina sheria ya usalama wa magari tangu 1966, lakini kiwanda hakilazimiki kutengeneza bure gari lililouzwa kwa mnunuzi wa kwanza zaidi ya miaka 15 kabla ya tangazo, na kabla ya mwaka 2015 mpaka ulikuwa miaka 10. Hasara ni kwamba mipira na pete za mafuta huanza kushindwa hasa katika umri huo. Tena, agizo huweza kuchelewa: Ford Pinto, ambayo tangi lake lilipasuka ilipogongwa kwa nyuma, ilianza kuuzwa kama gari la mwaka 1971, na ni mwaka 1978 ndipo magari yapatayo milioni 1.5 yaliporejeshwa. Marekebisho nayo huweza kuwa ya kujadiliana. Mwaka 2013 serikali hiyo iliitaka Chrysler irejeshe Jeep zipatazo milioni 2.7 zilizokuwa na tangi nyuma ya ekseli. Kampuni ikakubali takriban milioni 1.56, na dawa yake ilikuwa kufunga chuma cha kuvutia trela nyuma ya gari ili kilikinge tangi likigongwa taratibu. Tangi lenyewe halikuhamishwa.

Zaidi ya hayo yote, agizo la kurejesha linahusu kasoro ya kuzaliwa nayo. Mpira uliokauka baada ya miaka kumi na mitano ya jua na vumbi la barabara ya Njoro hauna kiwanda kitakachouita.

Jambo hili linanisikitisha kwa sababu sehemu yake ingezuilika kwa urahisi. Gari lililotumika hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kusafirishwa, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha shirika letu la viwango, KEBS. Naamini cheti cha ukaguzi huo kingepaswa kutaja kama gari lina agizo la kurejeshwa ambalo halijatekelezwa, na kama lipo, litengenezwe hukohuko Japani ambako kampuni inalipa. Ni kazi ya dakika chache za kuingiza namba. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na sioni habari ambayo mama anayewabeba watoto kwenda shule anaihitaji kuliko hii.

Jiwe lilitoboa tangi la Probox yangu. Fundi alisugua sabuni ya kipande kwenye tundu, akapaka gundi ya chuma juu yake, na sasa ni wiki ya tatu bila kuvuja. Je, niiache hivyo? – *Dereva wa abiria, Ugunja*

Ndugu, usiiache. Sabuni huziba kwa sababu haiyeyuki katika petroli, na ni msaada halali wa kukufikisha gereji kutoka mahali ulipokwama. Lakini huyeyuka katika maji, nawe unajua mvua za Siaya. Gundi iliyopakwa juu ya sabuni imeshika sabuni, haikushika chuma. Siku gari litakaposhuka kwa kishindo kwenye shimo likiwa limejaa watu, vyote viwili vitabanduka kwa pamoja, na petroli itamwagika chini ya kiti cha nyuma karibu na paipu ya ekzosi. Tafuta tangi lililotumika lisilo na kutu, na ubadilishe pamoja na mikanda yake ya chuma.

Mimi ni mwanagenzi katika gereji ya kuchomelea. Wateja huleta matangi yaliyotoboka. Nikilimwaga tangi na kulisuuza kwa maji na sabuni, naweza kulichomelea? – *Kijana, Kibuye, Kisumu*

Mwanangu, hapana. Tangi lililomwagwa ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke ukifika takriban asilimia 1.4 tu ya hewa iliyo ndani, cheche moja inatosha. Tangi lina mikunjo na vizuizi vya ndani ambavyo maji ya kusuuza hayavifikii. Matone yaliyojificha humo hubaki kimya mpaka moto wako utakapoyapasha, na hapo mvuke hujaa upya ukiwa umeinama juu yake. Wanaofanya kazi hii kwa usalama huliosha tangi kwa mvuke wa maji moto, hulijaza gesi isiyowaka, na hupima kwa mita kabla ya kuwasha chochote. Kama gereji yenu haina mita hiyo, mwambie mwajiri wako kwamba kazi hii hamuipokei. Akikulazimisha, ondoka; kazi nyingine utapata.

Gari langu ni Isuzu ya dizeli. Je, nami nihangaike? – *Mkulima, Molo*

Kidogo, mzee wangu. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka katika hali ya hewa ya kawaida, lakini ikirushwa juu ya ekzosi au tabo (turbo) yenye moto mkali huwaka vizuri sana. Kama injini ni ya kisasa yenye reli ya shinikizo kubwa, usiutafute uvujaji kwa kupapasa kwa mkono: mafuta humo huzidi mara 1,000 ya shinikizo la hewa, na huingia mwilini kwa kutoboa ngozi. Tumia kipande cha boksi.

Tulikuwa tukitoka Eldoret na watoto, na karibu na Salgaa tukasikia harufu kali, kisha tukaona petroli ikidondoka chini ya gari. Mume wangu alitaka tufike Nakuru kwanza. Tulipaswa kufanya nini? – *Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Dada, mlipaswa kusimama palepale. Toka barabarani, zima injini kwa ufunguo, kwa kuwa kuzima huko ndiko kunakoisimamisha pampu, kisha watoto washuke kwa upande ulio mbali na magari na wapelekwe kule upepo unakotoka, mahali palipo juu kuliko gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa kufuata mteremko na mtaro, na unaweza kukuta moto mbali na kuurudisha hadi kwenye gari. Msichomoe waya wa betri, kwani kuuchomoa hutoa cheche. Boneti ikitoa moshi, msiifungue wazi; inyanyueni kidogo tu na mpulize kizima moto cha poda kupitia upenyo huo, na kama hakikuzima mara moja, ondokeni. Maji hayazimi petroli, huisambaza.

Tena wazuieni watu wanaokuja na mitungi. Si mbali na hapo mliposimama, Sachang'wan, zaidi ya watu mia moja walikufa Januari 2009 walipokuwa wakichota petroli ya lori lililopinduka, na Julai 2021 wengine wakafa vivyo hivyo Malanga, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Gari dogo lina petroli kidogo, lakini lita chache zinatosha kumwunguza aliyeinama juu yake.

Kutoka Salgaa gari liburutwe au lipakiwe, hata kama matone yamekoma. Mara nyingi hukoma kwa sababu pampu imezimwa, na huanza tena injini ikiwashwa. Mkifika gereji, mwambieni fundi ni wakati gani harufu ilianza, kama mlikuwa mmetoka kujaza tangi, na kama matone yalikuwa mbele au nyuma ya magurudumu ya nyuma. Yakiwa nyuma na tangi limejaa, aanze na mpira wa mdomo wa kujazia na pete ya pampu iliyo juu ya tangi; yakiwa mbele, aanze na kichungi na mipira inayoelekea kwenye injini.