Maswali ya Wasomaji: Neno Linapobadili Tabia

SWALI: Shikamooni. Tunasoma kwa Kiingereza The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Mwishoni mhusika Portia anaona mshumaa unawaka nyumbani kwake, anasema ndivyo tendo jema linavyong'aa katika "a naughty world". Sisi "naughty" tunamjua mtoto mtundu. Mwalimu wetu anasema hapo ni ulimwengu mwovu, lakini kamusi yangu haina maana hiyo. Tumwamini nani? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Moshi)

JIBU: Marahaba. Mwamini mwalimu. Kamusi yako haijakosea, ila imeandikwa kwa ajili ya Kiingereza cha leo, na tamthilia hiyo ilichapwa mwaka 1600.

"Naughty" imetokana na "naught", yaani si kitu. Mwishoni mwa karne ya 14 ilimhusu mtu asiye na kitu, fukara. Kutokuwa na kitu kukageuka kutofaa kitu, na kufikia karne ya 16 neno lilikuwa limeshaingia kwenye uovu kabisa. Karne ya 17 likaanza kutumika kwa watoto wakaidi, na huko ndiko makali yalikoishia. Neno ambalo mzazi humwambia kila siku mtoto aliyemwaga maziwa haliwezi kuendelea kumhukumu muuaji.

Ushahidi mzuri uko kwenye Biblia ya King James ya 1611, Yeremia 24:2. Kuna vikapu viwili vya tini: kimoja kina "very good figs", kingine "very naughty figs". Tini haina utundu. Fungua sura hiyohiyo katika Biblia ya Kiswahili, utakuta tini mbovu. Halafu angalia jambo moja: kwa Yeremia "naughty" imewekwa mkabala na "good", na kwa Portia vilevile, tendo jema dhidi ya ulimwengu wa namna hiyo. Neno la zamani likikutatiza, tafuta kwanza kinyume chake katika sentensi. Mara nyingi mwandishi amekiweka karibu.

Baada ya hapo tazama mwaka wa maandishi, kisha tafuta kamusi inayopanga maana kwa tarehe. Kubwa kuliko zote ni Oxford English Dictionary, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Yenyewe hutanguliza maana kongwe. Kamusi za wanafunzi nyingi hutanguliza maana inayotumika zaidi leo, na hapo ndipo wengi hunasa: wanachukua maana namba moja, wanafunga kitabu. Soma zote, uipachike kila moja kwenye sentensi.

Kuna kosa la upande wa pili pia. "Nice" inatoka kwenye neno la Kilatini "nescius", mjinga, na Kiingereza cha karne ya 14 kilimwita hivyo mpumbavu. Haimaanishi kwamba anayekuita "nice" leo anakutukana. Asili ya neno inaeleza lilikotoka. Maana yake inaamuliwa na wanaolitumia wakati huo.

SWALI: Ni kweli "villain", yaani mtu mwovu, zamani alikuwa mkulima? Mkulima alikosa nini? (Msomaji, Tengeru, Arusha)

JIBU: Ni kweli, na hakukosa chochote. "Villa" kwa Kilatini ni nyumba ya shamba na ardhi yake. "Villanus" ni mtu wa hapo. Neno lilipitia Kifaransa likafika Uingereza likimtaja mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Kalamu hakuwa nayo yeye, walikuwa nayo mabwana na makasisi. Dharau yao ikamfanya kwanza mtu asiye na adabu, mwishowe mhalifu. "Knave" naye alikuwa mvulana, akawa mtumishi, akaishia laghai. "Lewd" alikuwa muumini wa kawaida asiye kasisi, akawa asiyesoma, akaishia mzinifu. Lakini "knight", aliyeanza mvulana na mtumishi vilevile, alipanda cheo kwa sababu utumishi wake ulikuwa wa silaha. Huo ni uonevu wa kitabaka, na lugha imeuhifadhi.

Nasi tusijitoe. "Mshamba" ni mtu wa shamba tu, lakini nani leo anaitwa hivyo akafurahi? Na "bepari", neno lililotoka Uhindini, lilikuwa mfanyabiashara tu. Katika siasa ya Ujamaa, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, likabeba lawama ya unyonyaji. Mwalimu alipotoa tafsiri yake 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. "Merchant" ya Shakespeare haina lawama hiyo, kwa hiyo ukiandika insha kwa Kiingereza usiihamishie kwenye jina la tamthilia.

SWALI: Naongoza watalii. Kijana Mwingereza alipoona chui akasema "wicked!" Alichukizwa? (Arusha)

JIBU: Alifurahi sana, kama kijana wa hapa anavyosema "noma!" au "hatari!" Sikiliza sauti na uangalie uso. Wewe usilitumie kwa wageni wazee, kwao neno hilo bado ni uovu. Na mgeni akisema chakula ni "awful", usipokee kama sifa: zamani lilikuwa neno la kutia hofu takatifu, leo ni kibaya mno. Linalosifu ni ndugu yake, "awesome".