Fonti ya mwandiko wa mkono inanivurugia kadi

SWALI: Natengeneza kadi za harusi kwa CorelDRAW, programu ya usanifu wa kompyuta. Nimetumia fonti ya Great Vibes, lakini majina ya maharusi hayasomeki na mistari mingine herufi zimeachana. Kwa mchapaji ndiyo kabisa, fonti ilibadilika ikawa nyingine. Nitafute fonti tofauti?

JIBU: Usiiache, ndugu yangu. Ni kazi nzuri ya Robert Leuschke wa Marekani, na leseni yake huria inakuruhusu kuitumia hata kwa kazi ya kulipwa. Bila shaka majina umeyaandika kwa herufi kubwa tupu, kama tulivyozoea kwenye kadi zetu.

Fonti za namna hii zinaiga mwandiko uliopendwa Uingereza karne ya 18, wa kalamu ya unyoya: ukikandamiza, mstari unanenepa, ukilegeza mkono, unakuwa mwembamba kama uzi. Herufi kubwa ilikuwa ya kuanzia neno, ndiyo maana imepewa mikia na vitanzi. Ukiandika REHEMA, herufi sita zenye madoido zinagombania nafasi. Andika Rehema: R inajitanua peke yake, zilizobaki zinafuata zimeshikana.

Herufi kuachana ni kwa sababu umeongeza nafasi kati yake ili mstari ujae. Hapa kila herufi ndogo inaishia na kijimkia kinachogusa jirani yake mahali maalumu. Ukiisogeza kidogo tu, pengo linaonekana. Rudisha nafasi iwe sifuri, halafu kuza maandishi.

Kwa mchapaji, kompyuta yake haina fonti hiyo, ikaweka iliyonayo. Kabla ya kupeleka faili, chagua maandishi yote ubonyeze Ctrl+Q yageuke mchoro. Lakini kwanza hifadhi nakala ambayo haijageuzwa, maana baada ya hapo huwezi kusahihisha hata herufi moja, na kamati za harusi unazijua: ukumbi hubadilika kadi zikiwa tayari mezani.

Tarehe, ukumbi na namba za simu ziandike kwa fonti ya kawaida. Ile mistari myembamba ikichapwa kwa udogo, hasa rangi ya dhahabu juu ya karatasi ya krimu, inapotea. Kwenye kioo cha kompyuta hutaliona hilo, kwa hiyo mwombe mchapaji akutolee kadi moja kwenye karatasi yenyewe kabla hajachapa zote.