"Ndiyo sista" ya mamako haimaanishi ameelewa

Umeuliza kwa nini mamako hutoka kliniki ya kansa akisema "wamenieleza vizuri," halafu mkifika Kayole hawezi kukwambia hata jambo moja. Mimi ni nesi, chumba cha kemo, yaani dawa za kuua kansa, hapa hapa Nairobi, mwaka wa 9 sasa. Nakujibu kwa yale niliyokosea mwenyewe.

Hiyo "ndiyo sista" ni adabu tu. Mama ameamka saa 10 usiku, akapanda matatu, akapanga foleni ya kutolewa damu, akazungushwa na karatasi za SHA, ile bima ya afya ya serikali. Akifika kwenye kiti changu masikio yameshachoka. Nami nina dripu za watu wengine zinaisha. Naeleza mbio mbio, anaitikia, tunaachana.

Kuna mama niliyemtilia doksorubisini, ile dawa nyekundu. Nilimweleza habari za kutapika, nywele na vidonda vya mdomo. Nikasahau kumwambia kwamba mkojo huweza kuwa mwekundu siku moja au mbili, na kwamba ni rangi ya dawa tu. Usiku akaona mkojo mwekundu, akadhani ni damu, akaapa harudi tena. Ilipita zaidi ya mwezi ndipo binti yake akamleta, karibu kwa kumburuta. Sentensi moja tu ingetosha.

Siku hizi siulizi "umeelewa?" Nauliza, "Mama, mzee akikuuliza leo umeambiwa nini, utamjibuje?" Hapo ndipo nasikia maajabu. Mmoja alikuwa akingoja achomwe na mashine, kumbe amechanganya kemo na mionzi. Mwingine aliniambia akipata homa atameza Panadol alale. Hilo lilinitisha. Chembechembe nyeupe za damu hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, na joto likifika 38 ni kwenda hospitali usiku huo huo, hata kama ni saa 8. Panadol ikitangulia inaficha homa huku maambukizi yakiendelea. Nunueni kipimajoto, na kiwe kando ya kitanda chake.

Sasa nyinyi watoto, maana nanyi mna lenu. Mnanivuta koridoni: "Sista, usimwambie ni kansa, presha itampanda." Haya. Mkienda kutafuta chai, mama huyo huyo ananishika mkono: "Sista, hii ni kansa, najua. Lakini usiwaambie watoto, wataumia." Nimeyaona haya mara nyingi hadi nikakaribia kucheka, Mungu anisamehe. Simdanganyi mgonjwa. Namuuliza yeye anafikiri ni nini, kisha nanyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu kuliko kudunga mshipa uliojificha.

Lugha nayo. Kama mama husema Kikamba au Gĩkũyũ akiumwa, njoo naye ukae hapo. Niliwahi kumwita mtu wa usafi anitafsirie habari za titi la shosho mmoja. Nikaona shosho anajifunika leso hadi shingoni. Sijarudia.

Wakati wa kuniuliza ni upi? Si nikitafuta mshipa. Ngoja nianze kusukuma ile nyekundu: hapo nimekaa, siwezi kuondoka, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Basi tumia nafasi hiyo. Toa daftari, uliza dawa inaitwaje, leo ni duru ya ngapi kati ya ngapi, na usiku tupige simu namba gani. Mwache mama aulize kwanza, hata akichelewa kuanza.

Na maumivu yakizidi msilikimbie jina la Nairobi Hospice eti ni pa kufia. Ipo tangu 1990, na watu huenda kutulizwa maumivu wakarudi nyumbani kupika.

Kliniki yake ijayo ni lini? Kama bado ana siku, andika hapa dawa alizopewa nikwambie ni zipi za kuuliza habari zake.