Kwa nini kuna reli chini ya soko la nyama la Smithfield, London

Umeuliza reli iliyo chini ya jengo la Smithfield ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya nyama. Kwa karne nyingi pale palikuwa na mnada wa mifugo walio hai: ng'ombe na kondoo waliswagwa kwa miguu katikati ya mitaa ya London, na uchafu na damu vilizagaa hadi wakazi wakachoka. Mwaka 1855 mnada ukahamishiwa Islington, eneo la kaskazini mwa London.

Baada ya hapo lilihitajika soko la nyama ya wanyama waliokwisha kuchinjwa. Horace Jones, ambaye baadaye alichora pia daraja la Tower Bridge, akasanifu jengo hili la chuma, kioo na matofali. Lilifunguliwa Novemba 1868. Treni ziliingia chini kwa chini, nyama ikapandishwa kwa lifti hadi sokoni. Binafsi naona hilo ndilo jambo kubwa kuliko hata mapambo ya nje: mzigo mwingi wa soko haukuonekana barabarani.

Ila usichanganye majengo. Lile lenye paa la kuba la zege, la soko la kuku, ni la mwaka 1963. Soko la kuku la awali liliungua Januari 1958 na wazimamoto wawili walifariki.

Ukienda, wahi kabla hakujapambazuka, kwa sababu wachinjaji wenye mabucha hununua usiku. Baadhi ya majengo ya upande wa magharibi, yaliyokaa matupu miaka mingi, yamekabidhiwa makumbusho ya jiji.