Bei mpya iko kwenye seva, simu ya mteja yaonyesha ya zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza pembejeo hapa Uyole, Mbeya, na duka letu lina tovuti ndogo yenye picha ya orodha ya bei za mbolea na mbegu, ambayo hubadilishwa bei zinapobadilika. Jina la faili ni bei.jpg siku zote. Tukishabadilisha, kompyuta ya dukani huonyesha bei mpya, ilhali wateja wa Tukuyu na Chimala hupiga simu wakisema wanaona zile za zamani, wengine kwa siku kadhaa. Tumewaelekeza wafute kumbukumbu za vivinjari vyao. Wapo waliofanikiwa, na wapo waliolalamika kwamba wametolewa kwenye akaunti zao nyingine. Tufanye nini?
Mwuza pembejeo, Uyole

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali msiwaagize tena wateja kufuta chochote. Kwa maelezo yako, simu zao zinafanya kazi sawasawa. Marekebisho yanatakiwa upande wa seva yenu, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na mkulima asibebeshwe mzigo huo.

Kivinjari kikishapakua picha huweka nakala yake katika kache, yaani hifadhi ya muda ya simu, ili kisiipakue tena, jambo lenye manufaa makubwa kwa mtu anayetumia bando dogo. Muda wa kuitumia nakala hiyo hupangwa na seva kupitia agizo liitwalo Cache-Control: likisema max-age=86400, nakala hutumika kwa sekunde 86400, yaani siku nzima, bila kivinjari kuuliza lolote. Seva isipotoa agizo, kivinjari hukadiria chenyewe. Kanuni za HTTP (utaratibu wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva) kuhusu kache, yaani RFC 9111 ya mwaka 2022, zinaruhusu makadirio hayo, na kiwango kinachotajwa humo kuwa cha kawaida ni asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe mara ya mwisho.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo lenu. Ikiwa picha ilikaa siku 100 za kiangazi bila kuguswa, mteja aliyeifungua siku moja kabla ya ninyi kuibadilisha anaweza kuendelea kuona bei ya zamani kwa takriban siku 9 baada ya mabadiliko. Kadiri bei inavyodumu bila kubadilika, ndivyo nakala ya zamani inavyong'ang'ania, kwa hiyo usumbufu huwa mkubwa zaidi mvua za Novemba zinapokaribia, wakati ambapo mkulima anapanga fedha za mbolea kwa kutegemea alichokiona kwenye simu. Kuonyesha ukurasa upya nako huenda kusisaidie, kwa sababu tangu mwaka 2017 Chrome, katika uonyeshaji upya wa kawaida, huhakiki ukurasa wenyewe tu na kuziacha picha zilizomo zitoke kwenye kache.

Kabla ya kurekebisha, thibitisheni. Mwombeni mteja mmoja afungue tovuti kwenye kichupo fiche (incognito) cha simu yake, ambacho hakitumii nakala zilizohifadhiwa awali: akiona bei mpya, nakala ya zamani iko kwenye simu, akiona ya zamani, chunguzeni kama faili lilipakiwa kwenye folda sahihi, au kama kuna kache nyingine kati ya seva na mteja. Kwenye kompyuta, bonyezeni F12, fungueni sehemu ya Network, kisha muitazame bei.jpg: jibu la 304 lina maana kwamba seva iliulizwa ikajibu kuwa hakuna mabadiliko, na maneno disk cache yana maana kwamba haikuulizwa kabisa.

Dawa ni kuipa picha hiyo, pamoja na ukurasa unaoibeba, agizo la Cache-Control: no-cache. Agizo hili halizuii kuhifadhi nakala. Hukitaka kivinjari kiulize seva kwanza kila mara, na kama hakuna jipya hurudi jibu fupi la 304 bila picha, hivyo bando la mteja halidhuriki. Sioni sababu ya kutumia no-store, ambayo huzuia kuhifadhi na kumlazimisha mkulima kupakua picha ileile kila anapofungua. Ikiwa seva yenu inatumia programu ya Apache, mstari wa Header set Cache-Control "no-cache" ndani ya faili la mipangilio la .htaccess, ukielekezwa kwa picha na ukurasa huo tu, hutosha, mradi moduli ya headers imewashwa. Nembo ya duka iacheni na muda mrefu, hata sekunde 31536000 za mwaka mzima.

Hata hivyo, simu zenye nakala ya zamani hazitalisikia agizo hilo hadi muda wake uishe, kwa kuwa haziulizi. Kwa ajili yao, badilisheni jina la picha ndani ya ukurasa, liwe bei-2.jpg, kwani kwa kivinjari jina jipya ni faili jipya. Na kwa kuwa picha za bei husambazwa pia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako agizo la seva haliwezi kuzifikia, andikeni ndani ya picha yenyewe tarehe bei hizo zilipoanza kutumika.